Mpiga Mizinga Asiye na Kaburi

  Wasikilizaji wapenzi, nimepewa muda huu nizungumze nanyi, nami nimechagua khabari ambayo si ya furaha, lakini nadhani mtanivumilia, maana si vyema redio iwe mahali pa ngoma na matangazo ya biashara peke yake.

Leo nataka tumkumbuke kijana mmoja aliyekufa vitani. Nasema mmoja, ingawa siku aliyokufa yeye walikufa pamoja naye watu wa kujaza misikiti na makanisa ya mji mzima, kwa sababu mama huzaa mmoja mmoja, na msiba nao huingia nyumbani kwa mlango huo huo. Kwanza nitawasimulia lililotukia. Halafu nitauliza swali ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni hili: tunapomjengea askari sanamu, huwa tumemkumbuka nani? Lishikeni swali hilo, tafadhali, maana nitalirudia.

Mwanzoni mwa mwezi wa Februari, mwaka 1944, vita kuu ya pili ikiwa imekwisha kuingia mwaka wake wa tano, msafara wa meli tano uling'oa nanga katika bandari ya Kilindini, Mombasa, ukaelekea Ceylon, kisiwa ambacho leo twakijua kwa jina la Sri Lanka. Mojawapo ya meli zile iliitwa Khedive Ismail. Jina lilikuwa la mtawala wa Misri wa karne iliyotangulia, yule aliyekuwa katika kiti wakati Mfereji wa Suez ulipofunguliwa. Lakini meli yenyewe iliundwa Uskoti mwaka 1922 kwa ajili ya wenye biashara wa Chile, ikiwa na jina jingine, kisha ikauzwa kwa kampuni ya meli ya Misri, na vita vilipozuka ikatwaliwa na Waingereza ikawa chombo cha kuchukulia askari.

Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Walikuwamo mabaharia wa Kiingereza. Walikuwamo wauguzi wa kike na mabibi wengine wa utumishi wa jeshi, ambao vifo vyao siku ile vilikuwa msiba mkubwa kuliko wote uliopata kuwashukia wanawake wa majeshi ya Uingereza na Jumuiya yake katika vita vile. Lakini fungu lililopita mafungu yote, karibu watu elfu moja, lilikuwa la askari na maofisa wa Kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika ya Mashariki. Askari hao walikuwa vijana wa nchi zetu hizi. Kiswahili chao kilikuwa kile cha Keya, yaani cha jeshini, ambacho sisi watu wa pwani tumezoea kukicheka kwa jinsi kilivyozikanyaga ngeli, na ambacho, pamoja na ila zake zote, kilimwezesha Mkamba kumwomba Mnyamwezi maji ya kunywa akayapata.

Walikuwa wapiga mizinga, na kazi hiyo si ya mtu mmoja. Mzinga wa medani wa Kiingereza wa zama zile, ule uliotupa kombora la uzito wa ratili 25, ulihitaji watu sita: huyu hutazama darubini na kuuelekeza, huyu hufungua na kufunga kitasa cha nyuma, huyu hutia kombora, wengine huandaa baruti na kuleta makombora mengine, na mkubwa wao husimama akisikiliza amri; na mmoja akichelewa, sita wote wamechelewa. Vijana waliofunzwa kazi ya namna hii miezi na miezi hufikia kujuana hata kwa pumzi. Ninalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi tumeambiwa khabari za askari Mwafrika kana kwamba alikuwa miguu miwili na bunduki, mtu wa kutembezwa tu, ilhali wapiga mizinga hawa walikuwa mafundi, na ufundi wao ulikuwa wa hesabu, wa macho na wa mikono.

Walikuwa wakienda kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ile ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, nayo ilikuwa imetangulia Ceylon tangu mwaka uliopita kwa mazoezi. Baadaye, katika mwaka ule ule wa 1944, divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw nchini Burma katika mvua, matope na malaria, ikavuka mto Chindwin mwezi wa Desemba, na wazee wetu waliorudi kutoka huko walitupa hadithi za kutosha juu ya ruba wa Burma na misitu ya Burma. Wenzao walifika Burma. Hawa ninaowazungumzia hawakufika hata Ceylon.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, baada ya adhuhuri, msafara ulikuwa katika eneo la visiwa vya Maldives. Nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 ilikuwa imeuotea. Ikafyatua torpido, na mbili katika hizo zikaipata Khedive Ismail, na meli ikazama kwa muda wa dakika mbili.

Narudia, wasikilizaji, kwa sababu najua maneno ya redio hupita upesi: dakika mbili. Aliyeinjika birika la chai jikoni wakati huu, katika dakika mbili hata maji yake hayajapata uvuguvugu. Askari wengi walikuwa katika vyumba vya chini, mahali ambapo ngazi ni chache na nyembamba, na meli ilipolala ubavu, ngazi zile hazikuwa ngazi tena. Hapakuwa na nafasi ya ushujaa wala ya woga. Maneno tuliyozoea kuyasikia katika hotuba za makumbusho, kwamba marehemu alisimama imara, kwamba alipigana mpaka risasi ya mwisho, hayana pa kukaa katika dakika mbili hizo, na mimi sitayatafutia mahali kwa nguvu.

Lipo jambo jingine, nalo ni zito. Wale waliobahatika kutoka, wakawa wanaelea baharini baina ya mafuta na mbao, walikuwa juu, na nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Nahodha wa manowari ya Kiingereza iitwayo Petard aliona mambo mawili mbele yake: ama awahurumie waeleao, nyambizi ipate nafasi ya kuziendea meli nne zilizosalia pamoja na maelfu ya watu waliokuwamo, au atupe mabomu ya kulipukia chini ya maji, hali ajua dhahiri ni nani walio juu ya maji hayo. Akayatupa. Nyambizi ikalazimika kuibuka, ikagongana na manowari ya pili, Paladin, na hatimaye ikazamishwa kwa torpido ya Petard. Mimi sikai kitako hapa, katika chumba chenye feni, kumhukumu nahodha yule, wala simsifu. Nasema tu kwamba katika waliokufa siku ile wamo waliouawa na adui, na wamo waliouawa na mkono wa mwenzao, na khabari iliyofika nyumbani kwao wote ilikuwa ya namna moja.

Waliookoka walikuwa watu mia mbili na kitu. Waliokufa walikaribia 1,300. Hesabu zangu zimekwisha. Sitawataabisha nazo tena.

Sasa natoka baharini nirudi nchi kavu, kwenye mtaa niliokulia. Hapo palikuwa na bibi mmoja jirani yetu, Mungu amrehemu, ambaye kaka yake alikuwa mmoja wa wapiga mizinga wale. Sisi watoto tulijua kwamba bibi huyu alikuwa na kaka aliyekufa vitani, na kama watoto wote tulipenda kusikia khabari za vita, basi tulikuwa tukimzunguka barazani kwake jioni tukimwomba atusimulie jinsi kaka yake alivyopigana. Naye hakutusimulia hata siku moja. Badala ya vita alitusimulia kaka. Alituambia kwamba kaka yake hakula bamia, na akilazimishwa aliyatoa moja moja akayapanga ukingoni mwa sahani kama mtu apangaye bao. Alituambia kwamba alikuwa na mbinja kali iliyosikika kutoka kisimani mpaka nyumbani, na mama yao alikuwa akimgombeza kwa sababu mbinja za usiku huita nyoka. Alituambia kwamba alipokuja likizo ya mwisho viatu vya jeshi vilikuwa vimemchubua visigino vyote viwili, akawa anakwenda pekupeku siku zote za likizo, na kuvivaa tena siku ya kuondoka tu.

Na alituambia khabari ya sumni. Asubuhi ya kuondoka, kaka mtu alimwomba dada yake, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na kitu, amkopeshe sumni, ile nusu shilingi ya enzi za wakoloni yenye kichwa cha mfalme. Msichana alikuwa ameichanga kwa kuuza vitumbua vya mama yake. Kaka akaahidi kwamba atakaporudi atamlipa shilingi nzima. Na hapo bibi alikuwa akicheka na kusema kwamba riba ile ilikuwa haramu, na pengine ndiyo sababu deni halikulipwa. Miezi ikapita. Ikaja karatasi, na baada ya karatasi zikaja fedha, malimbikizo ya mshahara wa marehemu. Baba mtu akatia mkono katika fedha zile, akatoa sumni, akamwambia binti yake, "Haya, deni lako hilo." Binti akaikataa. Akasema, "Niliyemkopesha si Serikali."

Wasikilizaji, nimesoma makala na vitabu juu ya vita vile, vingine vya watu wenye elimu kubwa, na sikumbuki kuona mahali palipoelezwa kwa ufupi zaidi ya hapo tofauti iliyoko baina ya askari na mtu. Serikali ilikuwa imempoteza askari, ikamlipa askari, ikafunga hesabu yake. Msichana yule alikuwa amempoteza mtu asiyekula bamia. Kijana yule alikuwa mtu kabla ya kuwa askari, alikuwa mtu wakati ule ule alipokuwa askari, na sare aliyopewa alikuwa ameivaa kwa muda mfupi tu alipokufa.

Niliahidi kwamba nitalirudia swali langu, nalo hilo hapa: tunapomjengea askari sanamu, huwa tumemkumbuka nani?

Wakazi wa Dar es Salaam mtanisaidia. Katikati ya jiji lenu, katika njia panda ya Samora, limesimama sanamu la askari wa Kiafrika wa shaba, amekamata bunduki yenye singe, ameielekeza upande wa bandari. Lilisimamishwa mwaka 1927 na Waingereza kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita kuu ya kwanza, mahali palepale ambapo Wajerumani kabla yao walikuwa wamemsimamisha gavana wao Wissmann. Na mchongaji alikuwa Mwingereza aitwaye James Alexander Stevenson, ambaye sanamu zake nyingine za namna hiyo ziko Nairobi na Mombasa. Maneno ya ukumbusho yameandikwa kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, na kwa Kiingereza. Ni kazi nzuri, sisemi sivyo. Siku hizi hutumika zaidi kwa kuelekezana njia: ukifika kwenye Sanamu ya Askari, kata kulia. Je, yule aliyesimama pale ni nani? Mwulizeni mtu yeyote apitaye. Ni askari. Askari gani? Askari tu. Hana jina, na waliomsimamisha hawakukusudia awe nalo, kwa maana lile sanamu moja lilitiwa pale liwe badala ya majina yote.

Msije mkadhani kwamba nasema hayo kwa kubuni. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kuwakumbuka wafu wale, ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri, na ikaomba radhi, kwamba baada ya vita ya kwanza Waafrika na Waasia kwa makumi ya maelfu, na pengine kwa mamia ya maelfu, ama hawakuandikwa majina yao, ama hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na wa Misri. Mzungu aliyekufa alitafutiwa jiwe lake. Mpagazi aliyekufa akiwa amejitwika sanduku la risasi za Mzungu huyo aliachiwa nyasi. Na baadhi ya wakubwa wa zama zile walitoa sababu, nayo sababu ndiyo inayoniudhi kuliko tendo lenyewe: walisema kwamba Mwafrika hajafikia kiwango cha kufahamu maana ya jiwe la kaburi.

Hajafikia? Haya, na tuitazame kauli hiyo kwa utulivu, bila ya hasira.

Kwetu pwani, mtu akifa mbali, au akizama baharini maiti yake isionekane, haachwi. Watu hukusanyika wakamsalia sala ya ghaibu, hukaa matanga, humsomea hitima, na wanazuoni huwakumbusha wafiwa kwamba aliyekufa kwa gharika huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Huko pwani ya ziwa, kwa Wajaluo, mtu aliyepotea vitani au majini asipatikane hutafutiwa tunda la mti wa mwegea, ambao wao huuita yago, likachimbiwa kaburi nyumbani kwao, likazikwa kama azikwavyo mwili, na watu wakalia kilio cha haki mbele yake. Tunda hilo ni kubwa, refu na zito, na mtu hulibeba kwa mikono miwili. Na Wakikuyu, na watu wengine wengi wa bara, huwapa wajukuu majina ya jamaa waliotangulia, kwa taratibu ambazo kila kabila lina zake, hata jina la kijana aliyekufa miaka themanini iliyopita laweza kuitwa leo asubuhi uwanjani mwa shule na mwalimu asiyejua kabisa amwitaye.

Basi watu wanaomtafutia maiti asiyepatikana tunda la kumwakilisha, wakamchimbia kaburi kamili, ndio walioambiwa kwamba hawafahamu maana ya kaburi. Sina la kuongeza hapo.

Najua wapo wasikilizaji ambao tangu nilipoanza wamekuwa wakiniuliza kimoyomoyo: bwana wee, kwa nini tumkumbuke mtu aliyekufa katika vita vya mkoloni? Ugomvi ule ulikuwa wa nani? Ni swali la haki, nami sitalikwepa.

Vijana wale waliingia jeshini kwa milango mingi. Wapo waliotaka wenyewe, kwa sababu mshahara wa askari ulilipa kodi ya baba na ukabakisha kidogo cha mahari. Wapo waliotamani kujifunza udereva, au kusoma na kuandika, au kuona tu bahari ina ng'ambo gani. Wapo waliosikia jinsi Waitalia walivyoivamia Ethiopia mwaka 1935, wakaona kwamba mkoloni mmoja ampiga mkoloni mwingine na kwamba huyu wa Roma ni mbaya zaidi. Na wapo ambao chifu au jumbe aliambiwa alete vijana kadha wa kadha, naye akawanyoshea kidole, na kidole cha chifu siku zile kilikuwa na nguvu kuliko karatasi ya mahakama. Kijana wetu aliingia kwa mlango upi? Dada yake hakupata kusema, na mimi kwa utoto wangu sikumwuliza.

Lakini fikirini jambo hili. Waliorudi walipata nafasi ya kusema wenyewe vita vile vilikuwa na maana gani kwao. Waruhiu Itote alipigana Burma chini ya bendera ya Mfalme, akarudi Kenya, na baada ya miaka michache Waingereza walikuwa wakimwinda msituni kwa jina la Jenerali China. Bildad Kaggia alivaa sare ile ile, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza, akarudi akawa mtu wa vyama vya wafanyakazi na siasa za uhuru. Wengine, nao ndio wengi, walirudi wakafungua viduka, wakawa madereva wa mabasi, wakawa walevi, wakawa mashehe, wakawa makarani wa bwana shauri. Waliweza kujivunia vita, waliweza kuvijutia, waliweza kuvisahau. Aliyezama na Khedive Ismail hakupata nafasi ya kuchagua hata moja katika hayo. Sisi twajuaje angekuwa nani? Pengine angekuwa mpigania uhuru, na pengine angekuwa mzee mkorofi wa barazani asemaye kila siku kwamba enzi ya Mwingereza barabara zilikuwa safi. Haki ya kumkumbuka haisimami juu ya vita vyenyewe kuwa vyema. Mtoto wa watu hupaswa kuliliwa hata akiwa amekufa katika ugomvi wa kipumbavu. Na wanaokataa kumlilia kwa sababu ya bendera aliyokuwa chini yake wafanya kosa lile lile la waliomsimamisha askari wa shaba, maana nao hawamtazami mtu, wanatazama sare.

Niongeze jambo moja linaloihusu redio yenyewe. Nchini Kenya, matangazo ya redio kwa Waafrika yaliasisiwa wakati wa vita ile ile, ili wazazi na jamaa wapate kujua mambo yanavyokwenda huko walikopelekwa wana wao. Watu walikuwa wakikusanyika penye kipaza sauti wakisikiliza. Lakini khabari za meli zilizozama zilikuwa siri ya vita, na siri hiyo ilikuwa na sababu zake, maana adui naye ana masikio. Kwa hiyo mama aliyesimama penye kipaza sauti katika Februari ile alisikia mengi, na lililomhusu hakulisikia. Ndiyo maana nilipopewa muda huu sikuona haya kuutumia kwa khabari iliyochelewa kiasi hiki.

Sasa nimalizie kwa yale yenye manufaa, na wale walio karibu na kalamu waandike.

Jijini Nairobi, katika barabara ya Ngong, yapo makaburi ya vita, na ndani ya uwanja wake upo Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, ulioandikwa majina ya askari ambao kaburi lao halijulikani. Wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 waliopotea baharini wamo. Vita ya pili ilikuwa afadhali kuliko ya kwanza kwa jambo hili moja: hawa majina yao yalichorwa. Milango ya makaburi hayo haina kiingilio, na mwenye kufika huko aenda kama aendaye ziara ya jamaa zake. Asiyeweza kufika, na wengi hatuwezi, amwombe kijana mwenye simu amtafutie katika kumbukumbu za Tume ile niliyoitaja, ambazo zimewekwa katika intaneti bila ya malipo.

Mkitafuta, tahadharini na tahajia. Karani wa jeshi aliandika jina kama sikio lake lilivyolisikia, na sikio lake halikuwa la kwetu. Mohamed aweza kuwa ameandikwa kwa namna tano, Mutua akawa kitu kingine, na jina la baba likawa ndilo jina la mtu. Jaribuni herufi hizi na zile. Kama kuna kipande au barua ya zamani sandukuni, tazameni kama ina namba ya askari, maana namba ndiyo iliyo hakika kuliko jina. Na sanduku hilo la bati lililo uvunguni mwa kitanda cha bibi, ambalo watoto wamekwisha kulipigia hesabu ya kuliuza kwa mnunua vyuma chakavu, tafadhalini lifungueni kwanza.

Na kama yupo nyumbani mzee aliyebakiwa na kumbukumbu ya mtu wa namna hii, aliyemwona kwa macho au aliyesimuliwa na mama yake, kaeni naye. Msianze kwa kumwuliza vita gani na cheo gani. Atanyamaza, kama alivyonyamaza yule jirani yetu. Mwulizeni alikuwa akila nini. Mwulizeni alikuwa akicheka namna gani, alikuwa akimwogopa nani, alimdai nani na nani alimdai yeye. Hayo mtakayoambiwa yaandikeni, na chini yake andikeni jina lake kamili, jina la baba yake, la mama yake, na kijiji alichotoka. Wanaotaka kutuletea habari hizo hapa redioni, anwani yetu itasomwa mwisho wa kipindi, na barua fupi husomwa upesi kuliko ndefu.

Naona fundi mitambo ananinyoshea kidole chake kwenye saa ya ukutani, nami sina ubavu wa kubishana naye. Wiki ijayo, wakati kama huu, zamu ni ya mwenzangu, atakayezungumza nanyi juu ya minazi na maradhi yake.